Gari ya kulala na familia: vani, boksi la Camroad au hema juu ya Land Cruiser?

Baba_Sabaki: Asalaam aleikum jamaa. Niko Malindi, nataka gari ya kulala ndani, tuko watano, mimi na mke na watoto watatu, wa mwisho bado mdogo sana. Safari zetu ni Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, Marafa kwenye makorongo ya Nyari, na Lamu kwa wakwe. Wamarekani wanazigawa A ni kama basi zima, B ni vani, C ni ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Hiyo C imeniteka roho. Mwasemaje?

FundiBodi_Mld: A isahau bwana. Na ukiagiza mtumba Kenya usukani lazima uwe kulia na gari isipite miaka 8, kwa hiyo zile za Italia zenye usukani kushoto usijisumbue nazo. Inayokaribia C ni za Japani zilizojengwa juu ya Toyota Camroad, chini lori dogo juu boksi. Ndani raha tupu, lakini nyuma ya ekseli bodi imening'inia, ukishuka korongo unakwangua, na juu matawi ya migunga yanakungoja.

Baba_Sabaki: Na kenta nikaichongea boksi mwenyewe?

FundiBodi_Mld: Nafasi utapata kuliko zote. Ila mbele inakaa watu watatu, wale wawili utawaweka wapi? Kuwafungia nyuma kwenye godoro gari ikitembea mimi sikutengenezei hata ukinilipa mara mbili. Labda utie viti vyenye mikanda huko nyuma, halafu upeleke ukaguzi wa NTSA, wale wa usalama barabarani, logbuku ibadilishwe. Na springi za kenta ikiwa tupu zarusha, kwenye murram ya Tsavo mpaka meno yagongana.

UmmuHaniya: Nyinyi wanaume mwazungumza springi tu. Hema la juu ya Land Cruiser lapata upepo mzuri na gari yenyewe yapita popote, sikatai, lakini saa nane usiku mtoto ataka kukojoa, nani ateremka ngazi na fisi wako huko chini?? Na kila mkitaka kwenda mahali asubuhi lazima hema likunjwe kwanza. Mkiwa wawili hamna watoto, sawa.

Dereva_Mokowe: Kwa Lamu usipange kulala garini shekhe. Gari yaishia Mokowe, hapo waiacha waingia boti.

FundiBodi_Mld: Mimi ningechukua Hiace ndefu, ile yenye paa la juu. Spea kila mahali, kila fundi wa matatu aijua. Kitanda kipana chini, kingine cha watoto juu, viti vya nyuma viache na mikanda yake. Joto letu hili usiweke friji ya gesi, ile yataka gari isimame sawasawa na joto likizidi haipoi vizuri, weka ya kompresa na sola. Madirisha yatie wavu na feni ya kutoa hewa juu. Chini piga rangi ya kuzuia kutu, chumvi ya bahari haina huruma. Ubaya wake ni chini sana, Tsavo ubaki barabara kubwa, mvua ikinyesha usiguse njia za pembeni.

Baba_Sabaki: Maporomoko ya Lugard Falls huko Tsavo itafika?

FundiBodi_Mld: Kiangazi naam, polepole.

Baba_Sabaki: Mke amesoma hapa, ngazi hataki hata kuiona 😂 Fundi nipigie hesabu ya Hiace ya paa la juu na vitanda, njoo inbox.