MREJESHO: Kiyoyozi cha gari kilichokuwa kikipuliza hewa vuguvugu

Wakuu, nimerudi. Kwa waliopitwa: AC ilikuwa inapoza nikiwa kwenye mwendo, nikikwama foleni inapuliza vuguvugu, na upepo wenyewe ni wa kubembeleza hata nikiweka feni namba 4. Tena mbele kulikuwa kunagonga nikipita matuta.

Nilianza na filta ya hewa ya ndani, ile iliyo nyuma ya droo ya dashibodi. Kuichomoa, aibu tupu: majani makavu, nywele, vumbi limeganda kama blanketi. Niliweka mpya, upepo ukarudi papo hapo. Foleni bado joto.

Aliyesema "angalia feni ya kondensa kabla ya kukimbilia gesi", umepatia (kondensa ni ile sehemu ya mbele ya gari inayopoza gesi ya AC). Fundi wa kwanza alitaka kujaza gesi tu, nikaondoka. Wa pili aliwasha AC tukachungulia mbele ya rejeta: feni moja imelala. Fyuzi na relei (swichi ya umeme ya feni) nzima, mota ndiyo imekufa. Tukabadilisha. Gesi nayo ilikuwa imepungua, na kwa kuwa gesi haiishi yenyewe, akasaka panapovuja: ringi ya mpira kwenye maungio ya bomba ilikuwa imekauka. Akaweka nyingine, akavuta hewa yote kwa pampu, ndipo akajaza gesi ya AC aina ya R134a kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Sasa hata gari likisimama, kipimajoto kwenye tundu la hewa kinasoma nyuzi 8.

Kugonga je? Nimebadilisha stabilaiza linki (vifimbo vya kwenye mfumo wa springi za mbele) kama mlivyosema. Kumepungua, hakujaisha. Nashuku bushi (mipira ya maungio ya chini), nitazifuata mwezi ujao.

Asanteni sana, hasa mkuu wa feni.