Hisa za marehemu Mama: niandike bei gani?

Kutoka: Dada wa Lanet, Minneapolis

Hamjambo nyote, na poleni na baridi. Nawashukuru tena kwa mlivyosimama nasi Mama alipotutoka, ile Jumamosi ya 20 Januari 2024. Sikusahau na sitasahau.

Leo nina swali la pesa. Kaka yangu alipokuwa akipanga vitu vya Mama kule Lanet alikuta mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na karatasi za hisa: 3,000 za kampuni ya simu ya Safaricom, za ule wakati wa foleni za 2008 zilipouzwa mara ya kwanza kwa shilingi 5, na 200 za benki ya Equity alizonunua mwishoni mwa mwaka huohuo kwa shilingi 170 na ushei kila moja. Mambo ya mahakama yamekwisha, hisa ziko kwa jina langu. Nataka kuuza. Sasa anayenijazia fomu za kodi huku anadai nimpe bei ya mwanzo, la sivyo ataandika sifuri.

Nikafungua chati ya Equity mtandaoni. Inaniambia mwishoni mwa 2008 hisa moja ilikuwa kama shilingi 17. Kumi na saba! Na karatasi ya Mama inasema 170. Aliibiwa, au chati ndiyo inadanganya? Na kama leo bei haijafika hata nusu ya hiyo 170, si ni hasara tupu?

Kutoka: Mzee wa Kenyatta Avenue, Nakuru

Binti yangu, pole tena. Mimi nilikaa dirishani kwa wakala wa hisa hapa mjini miaka mingi, na swali lako niliulizwa na wengi, wengine wakigonga meza. Mama yako hakuibiwa. Chati nayo haidanganyi, ila imeandikwa upya.

Mwaka 2009 Equity waligawanya hisa, moja ikawa kumi. Aliyelala na hisa 200 aliamka na 2,000, na bei ya kila moja ikashuka mara kumi. Gunia la mahindi ni lilelile, umelimwaga ukalipima kwa gorogoro. Benki ya KCB walikuwa wamefanya hivyohivyo 2007. Sasa wale wenye tovuti, wasipofanya kitu, chati ingeonyesha bei imeporomoka kwa siku moja kana kwamba benki imefilisika. Ndiyo maana hurudi nyuma na kugawanya kila bei ya zamani kwa kumi. Hiyo 17 unayoiona haikulipwa na mtu yeyote mwaka 2008. Ni 170 iliyovalishwa nguo za leo.

Kwa hiyo shika hili: bei ya zamani iende na idadi ya zamani, bei mpya iende na idadi mpya. Mia mbili kwa 170 ni 34,000. Elfu mbili kwa 17 ni 34,000. Makosa niliyoyaona sana ni mtu kuchukua 200 ya kwenye karatasi na kuizidisha kwa bei ya leo, kisha analia. Mwambie wakala akuchapishie taarifa ya akaunti ya CDS, ile inayotunza hisa kielektroniki. Ukikuta 200 badala ya 2,000, hapo ndipo uniite tugonge meza pamoja.

Hisa za bonasi, zile kampuni inazowaongezea wenye hisa bure, nazo ni vivyo hivyo, idadi inapanda na bei inashuka. Na utakuta tovuti nyingine ina safu mbili za bei ya kufunga soko, yaani bei ya mwisho ya siku, ya pili ikiwa ndogo zaidi kila unavyorudi nyuma. Hiyo ya pili imepunguzwa pia kwa magawio, yaani faida ambayo kampuni iliwagawia wenye hisa, yaliyolipwa tangu siku hiyo. Inafaa ukitaka kujua mtu aliyekaa na hisa miaka kumi amevuna nini kwa jumla. Usiipeleke kwa mtu wa kodi hata siku moja, maana si bei iliyowahi kutajwa sokoni.

Huku kwetu hakuna atakayekuuliza bei ya kwanza, kwa sababu faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa NSE, soko la hisa la Nairobi, haitozwi kodi ya faida ya mtaji. Gawio ndilo hukatwa: asilimia 5 kwa mkazi, 15 kwa asiye mkazi. Hakikisha umeandikishwa kama asiye mkazi, yasije yakakufuata baadaye.

Kutoka: Nyar Kano, Atlanta

Mzee, nimejifunza kitu, asante sana. Lakini naomba nikatize kidogo kwa heshima, maana dada yetu anatafuta bei ambayo kodi ya Marekani haiihitaji.

Dada, wewe hukununua hisa hizi. Umerithi. Kwa sheria ya huku, bei yako ya mwanzo ni thamani ya hisa siku Mama alipofariki. Ile 170 ya 2008, na shilingi 5 ya Safaricom, ziweke kwenye mkebe kama kumbukumbu. Kwa hiyo usikubali kuandikiwa sifuri, utalipia kodi pesa ambayo si faida. Pia mali ya urithi huhesabiwa kuwa umekaa nayo muda mrefu, ambayo kodi yake ni nafuu, hata ukiuza kesho.

Shida yako ni kwamba tarehe 20 ilikuwa Jumamosi na soko limefungwa. Kanuni inasema uchukue siku ya soko iliyotangulia na iliyofuata. Bei ya juu kabisa na ya chini kabisa ya Ijumaa tarehe 19, zijumlishe ugawe kwa mbili. Fanya vivyo hivyo kwa Jumatatu tarehe 22. Kisha wastani wa hizo mbili. Si bei ya kufunga, angalia hapo, ni katikati ya juu na chini. Chati nyingi za bure huonyesha ya kufunga tu, kwa hiyo omba kwa wakala orodha ya bei za NSE za siku hizo mbili, iliyochapishwa, uiweke.

Halafu kuna jambo ambalo chati ya shilingi haikwambii kabisa. Fomu inataka dola, kwa kiwango cha siku husika. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Mwaka huohuo haujaisha, ikashuka hadi 129 hivi. Tufanye mfano wa mkono: Safaricom 3,000 kwa shilingi 13 ni 39,000, ukigawa kwa 160 ni dola 244 hivi. Ukija kuuza kwa 26, wakati dola ni 129, ni 78,000, yaani dola 605. Kwa shilingi umepata maradufu. Kwa dola ni karibu mara mbili na nusu, na faida ya dola ndiyo utakayoandika. Mwenye kuangalia chati peke yake atakosea, na atakosea kwa kujipunguzia faida, jambo ambalo watu wa kodi hawalicheki.

Kutoka: Kaka wa Nyalenda, Dallas

Omera, sasa ndio naelewa kilichonipata! Mimi niko ghala la Walmart na nakatwa kidogo kila malipo kununua hisa zao (wanakuongezea asilimia 15 kwa dola 1,800 za kwanza kwa mwaka, msiache pesa ya bure mezani). Taarifa yangu ya Januari 2024 inasema nilinunua kwa dola 160 hivi. Chati inasema hamsini na kitu. Nikawaza payroli wananila. Kumbe Februari 2024 waligawanya, moja ikawa tatu. Nilikuwa nimeshaandika barua ya hasira, bado iko kwenye rasimu.

Kutoka: Mwana wa Shianda, Leicester

Naongeza la Uingereza upesi: bei za soko la London huandikwa kwa peni, si pauni. Mwaka wa kwanza niliona hisa ya duka la kawaida kabisa inaitwa 280 nikajua huku ni kwa matajiri. Na ukirithi hapa, kwa kodi ya urithi hesabu ya siku ya kifo ni tofauti na ya Nyar Kano: unachukua ile ndogo kati ya bei mbili za kufunga soko, unaongeza robo ya tofauti kati yake na kubwa.

Ila mimi nina swali kwa Mzee. Baba alikuwa mkulima wa miwa na alinunua hisa za kampuni ya sukari ya Mumias zilipoingia sokoni 2001. Tovuti moja bado inaonyesha bei ya senti kadhaa. Naweza kuuza kwa hiyo?

Kutoka: Mzee wa Kenyatta Avenue, Nakuru

Kijana wangu, hapana. Biashara ya hisa za Mumias sokoni ilisimamishwa 2019 kampuni ilipowekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeletwa kwa ajili ya wadai. Unachokiona ni saa iliyosimama. Bei ni bei pale tu ambapo kuna mtu upande wa pili anayenunua.

Na kwa kuwa umeitaja Mumias: watu hunionyesha chati ya Safaricom, 5 mwaka 2008, zaidi ya 40 mwaka 2021, wakisema angalia subira inavyolipa. Nawauliza kwanza kama walikuwepo miezi ile iliposhuka chini ya hiyo 5 na waliokopa benki kununua wakawa wananikwepa barabarani. Kisha nawaambia waweke na ya Mumias pembeni. Miaka ya 2000 katikati ilikuwa inapendwa kuliko nyingi, na chati yake wakati ule ilikuwa inapanda vizuri tu. Siku hizi hakuna anayeifungua, ndiyo maana kila chati unayoonyeshwa inapanda.

Kutoka: Dada wa Lanet, Minneapolis

Mzee, nikushike mkono. Nyar Kano, umeniokoa, nimeshampigia yule wa kodi nikamwambia asubiri.

Taarifa ya CDS imefika asubuhi: Equity 2,000, Safaricom 3,000. Mama hakuwahi kuuza hata moja. Wakala atanichapishia bei za tarehe 19 na 22, lakini nakala yenye mhuri hataki kuituma kwa baruapepe, anataka mtu aichukue ofisini. Kaka yangu yuko Kericho hadi mwisho wa mwezi. Kuna anayepitia Nakuru kabla ya Krismasi na atarudi huku Minnesota? Ni bahasha moja tu, na kama kuna nafasi kwenye begi, ule mkebe.