KONDA KAMWITA MAMA YANGU "MZIGO", GARI ZIMA LIKACHEKA

Wakuu, tangu Jumamosi nimekaa na hili rohoni, leo acha nilitapike.

Mama alikuwa Muheza msibani. Nikampokea stendi ya Kange hapa Tanga, tukapanda daladala kurudi Ngamiani. Mtu mzima, sitini na ushee, kavaa baibui lake, miguuni kaweka kikapu cha machungwa. Tunakaribia barabara ya nane, konda akagonga bodi: "Suka shusha, kuna mzigo mmoja wa nane!"

Mimi kwa ujinga wangu nikainama kushika kikapu. Nilijua ndicho anachokisema! Kumbe mzigo ni mama. Akamalizia: "Hilo jimama lisogee, linaziba mlango." Watu wakacheka, na wanawake wenzake wamo.

Lisogee. Linaziba. Jamani, Kiswahili hiki hata kiboko wa mtoni kinampa heshima yake: kiboko amezama, kiboko ametoka. Kiziwi amekuja, kinyozi ameondoka. Chenye uhai tunakipa "a", mnyama kwa mtu. Mama yangu ndiye kapewa "li" kama gunia la mkaa.

Nikamvaa. Jibu lake: "Braza utani tu, mbona unapaniki?" Utani gani? Utani una watani wake. Yule dogo hamjui mama, na hata shikamoo hakumpa.

Wala si yeye peke yake. Kijiweni pale kwetu akipita binti wa watu ni pisi, ni toto, ni mashine. Pisi si kipande hiyo? Kipande cha nini? Nyama?

Halafu sisi ndio wa kwanza kuwacheka wa bara kwamba Kiswahili hawakijui, cha Tanga ndicho kimenyooka. Tunajivunia Shaaban Robert, kazaliwa hapo Vibambani 1909. Basi huyo huyo alikaa chini akaandika maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja. Yule mama alizaliwa akaitwa Mtumwa. Ndiyo, Mtumwa, na alikuwa akitembeza vyungu vya udongo. Alipokuja kuimba watu wakampa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima zake, na kwa jina hilo akaenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Wazee walimtoa mtu kwenye Mtumwa wakamfikisha Siti. Sisi tunamtoa mtu kwenye Mama tunamfikisha Mzigo.

Na neno lipo, tena halina gharama: "Abiria wa nane anashuka." Kama mdomo mzito kusema mama, sema abiria.

Mama mwenyewe alishuka kimya. Usiku ndio kaniuliza, "Kwani nimenenepa sana?"

Mtakaokuja kuniambia sina kazi, kazi ninayo. Jumamosi hii anarudi Muheza kwenye arobaini, na gari ni lile lile tutapanda.