Nyumbani kwa Babu Anaeli: grupu la ukoo

JUMATANO

Nuru 19:42
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Majibu ya maji yametoka leo. Bomba la kwa Babu floraidi, ile inayoharibu meno na mifupa ikizidi, imepita miligramu 4 kwa lita na kile kisima cha chini kwa mjomba Loti ndo zaidi ya hapo. Kiwango cha WHO ni 1.5 na cha Tanzania sasa hivi ni hiyohiyo 1.5, ile 4 tuliyokuwa tunajifariji nayo zamani ilishaondolewa. Naomba tusizunguke, chujio linatakiwa lifungwe kabla watoto hawajaja likizo

Nuru 19:58
Naona tiki za bluu. Mmesoma. Semeni neno

Nuru 20:31
Jamani

Godi 21:06
Dada nipo, nilikuwa kwenye foleni huku Dar. Mimi swali langu ni moja, kwa nini tununue chujio la kizamani wakati watu wamepata Nobeli ya kemia 2025 kwa hivyo vitu vinavyonasa maji hewani? Nimesoma leo kwenye basi. Maji ya hewani hayajapita kwenye mawe ya Meru kwa hiyo hayana floraidi, kesi imeisha

Nuru 21:10
Godi hapo umesema jambo la maana. Hiyo Nobeli nimeifundisha darasani wiki nzima. Inaitwa MOF. Wanachukua atomi za metali wanaziunganisha kwa vipande virefu vya kaboni, linatoka jengo lenye vyumba vitupu ndani, na wewe unachagua vyumba viwe vikubwa kiasi gani na kuta zipende kushika nini, maji, kaboni dioksidi, chochote. Waliopewa ni watatu, Kitagawa wa Kyoto, Robson wa Melbourne na Yaghi wa Berkeley. Huyo Robson wazo lilianza 1974 akiwaandalia wanafunzi mipira ya mbao itobolewe matundu wajengee molekuli, akagundua kumbe mahali tundu lilipo ndo panaamua umbo lote litakuwaje, akakaa na wazo hilo zaidi ya miaka kumi kabla hajalijaribu

Nuru 21:13
Na Yaghi alizaliwa Amman kwenye familia ya wakimbizi wa Kipalestina, chumba kimoja watu wengi na mifugo humohumo, maji ya bomba hakuna. Mtu aliyekua hivyo ndo kaja kutoa maji kwenye hewa ya jangwa la Arizona. Usiku ile MOF inanyonya unyevu, asubuhi jua likiipasha inauachia unakuwa maji. Wanangu darasani walinyamaza kabisa nilipowaeleza hilo

Godi 21:15
Na nimesoma gramu chache tu za ile MOF-5 ukizikunjua ndani zina eneo kama uwanja wa mpira

Godi 21:15
Sasa Eliya timu yenu ya kata si mnalalamika hamna uwanja, nunueni gramu mbili 😂

Eliya 21:17
😂😂😂 refa atasimama wapi

Godi 21:18
Refa ni molekuli

Nuru 21:20
Nyie. Nimeuliza habari ya chujio

Mama Glory 21:26
Shikamooni. Dada Nuru samahani kwa kuuliza, mimi maji ya kunywa nachemsha kila siku mpaka yanatokota, si hiyo floraidi inakufa?

Nuru 21:29
Mama Glory usiombe samahani, hilo ndo swali. Haifi. Floraidi si mdudu, ni chumvi iliyoyeyuka kutoka kwenye mawe ya volkano. Ukichemsha maji yanapungua yenyewe inabaki palepale, kwa hiyo inazidi kukolea. Chemsha kwa ajili ya kuhara, ila kwa floraidi haisaidii. Na kingine, magadi. Magadi yenyewe yana floraidi, tukiweka kwenye makande tunaongezea juu ya ile ya maji

Mama mdogo Ndeshi 21:34
Makande bila magadi nitayapika kwa kuni za nani

Godi 21:35
Mama kaingia uwanjani 😂

Mama mdogo Ndeshi 21:36
Nasema kweli mimi. Mahindi makavu na maharage bila magadi ni kutwa nzima jikoni. Nuru wewe unapikia gesi huko Moshi

Nuru 21:38
Mama mdogo loweka usiku kucha, yale maji yamwage, kesho yake yanaiva mapema. Nakuja mwenyewe tupike wote

Mama mdogo Ndeshi 21:52
Tutaona

ALHAMISI

Nuru 06:15
Habari za asubuhi. Narudi kwenye hoja. Godi, MOF ni kweli na siku moja itafika, lakini kwenye majaribio ya jangwani walipata chini ya lita moja ya maji kwa siku kwa kila kilo ya ile MOF. Kwa Babu wakija wote wanakunywa ndoo na nusu. Zipo pia MOF za zirkoniamu na za aluminiamu ambazo maabara zinazijaribu kunasa floraidi yenyewe ndani ya maji, na zinanasa vizuri kweli, ila sijaona duka tutakalonunua sisi. Tukisubiri mpaka zifike mjini hawa watoto watakuwa wameshaota meno yote

Nuru 06:21
Kinachofanya kazi sasa hivi ni mkaa wa mifupa. Pale Ngurdoto kituo cha utafiti kimeufanyia kazi miaka mingi, si kitu cha kubahatisha. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, inasagwa, inajazwa kwenye ndoo au bomba, maji yanapita taratibu. Mfupa ni kalsiamu na fosfeti, floraidi ikipita inaingia mle inachukua nafasi. Ni jambo lilelile linalotokea ndani ya mifupa na meno ya mtoto akinywa maji haya. Litatokea kwa vyovyote, mimi nataka litokee kwenye mfupa wa ng'ombe na siyo wa Glory

Godi 07:40
Kwa hiyo asubuhi tunakunywa supu, jioni tunakunywa maji ya supu

Eliya 07:41
Aongezewe ndimu

Mama Glory 08:03
Shemeji Godi mimi sicheki. Glory mwalimu wake kamwambia mbele ya wenzake akapige mswaki vizuri, sasa mtoto anasugua mpaka fizi zinatoka damu na ile rangi ya kahawia haitoki. Jana nimemnyang'anya mswaki

Godi 08:20
Pole shemeji. Nimekosa

Nuru 08:22
Mama Glory hiyo haitoki kwa mswaki maana iko ndani ya jino, mwambie asisugue hivyo. Mwalimu nitampigia mimi

Nuru 12:50
Hesabu ni elfu thelathini kila nyumba. Chujio mbili, moja kwa Babu moja kwa Eliya, na mkaa wa akiba kwa sababu ule mkaa unajaa, ukijaa unapitisha floraidi kama haupo na kwa macho hutajua, lazima tupeleke maji yapimwe kila baada ya muda. Hilo naliweka wazi mapema mtu asije akasema chujio limeharibika. Na mkaa uliochomwa vibaya maji yananuka, kwa hiyo hatuchomi wenyewe nyuma ya banda kama Eliya alivyopendekeza sikukuu ile. Nani anaanza?

Nuru 17:05
Nimetuma yangu. Mama Glory katuma yake. Wengine?

Mjomba Loti 20:47
Nimesoma yote kuanzia jana. Kabla ya mchango mpya nauliza wa tenki uliishia wapi. Mtaro ulipita kwenye migomba yangu, nikatoa saruji, nikatoa mchanga, tenki halijamaliza masika mawili na chenji sijawahi kuiona

Mama mdogo Ndeshi 20:52
Loti usianze

Mjomba Loti 20:53
Sijaanza nimeuliza

Mama mdogo Ndeshi 20:55
Umeuliza kwenye msiba wa mama, umeuliza kwenye kipaimara cha Godi, leo tena. Daftari lilikuwepo. Aliyekaa na daftari unamjua na hayupo kujisemea

Mjomba Loti 20:56
Daftari lilikuwa kwako wiki mbili

Nuru 20:58
Mjomba na mama mdogo nawaomba, hela ya hii inaingia kwa Happy, si kwangu si kwa mtu yeyote wa pale nyumbani. Risiti zinapigwa picha zinawekwa hapa. Ya tenki tukae siku nyingine na Babu akiwepo

Mjomba Loti 21:00
Siku nyingine ndo ilisemwa na mwaka ule

Godi 21:03
Mimi nashauri tungeanza na paa. Mvua haina floraidi, mfereji wa bati na tenki jipya

Mama mdogo Ndeshi 21:04
Godi mwanangu usitaje tenki

Godi 21:04
Basi pipa

Nuru 21:09
Godi yuko sahihi kabisa jamani. Maji ya mvua ndo rahisi kuliko yote, kiangazi tu ndo tatizo maana yanaisha. Mvua iwe ya kunywa na kupikia, chujio lisaidie wakati wa ukame. Vyote viwili

Happy 23:31
Poleni nilikuwa zamu. Naongezea kitu kimoja kama nesi. Jino la kudumu linatengenezwa ndani ya ufizi kabla hujaliona, ngozi ngumu ya meno mengi ya mbele na ya pembeni inamaliza kujengeka karibu na miaka minane. Floraidi ikizidi kipindi hicho ndo inaacha madoa. Kwa Glory yaliyoshatoka hayarudi nyuma, kwa Baraka na yule mchanga wa Eliya bado tunawahi. Mifupa yenyewe haina mwisho wa umri, hata sisi wakubwa inatuingia. Namba yangu mnayo, tumeni nitaandika majina

IJUMAA

Nuru 07:02
Asante Happy. Mmesikia, kwa Baraka bado tunawahi. Mpaka sasa nyumba zilizotoa ni tatu

Nuru 11:40
Ni tatu bado

Nuru 15:18
Eliya hata wewe?

Eliya 15:44
Dada mwisho wa mwezi. Lakini kazi ya kufunga naifanya mimi bure, mabomba nayajua

Godi 16:10
Nimetuma elfu hamsini kwa Happy. Ya ziada iwe ya Baraka. Ila nasikia pale chuo cha Nelson Mandela Arusha kuna Dokta Hilonga, alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika ya kule Uingereza 2015 kwa chujio la mchanga na chembechembe za nano, na analipanga kufuatana na uchafu wa maji ya mahali. Kwa nini tusimuulize na hilo kabla hatujalipa?

Nuru 16:14
Tuulize, ni wazo zuri na ni watu wetu wa hapahapa. Ila kuuliza kusiwe kusubiri

Eliya 18:36
Wakubwa, Babu alikuwa amekaa namsomea hizi meseji. Kaniambia niandike kama anavyosema nisipunguze. Anasema:

"Nimesikia habari ya tenki. Tenki lilikuwa la boma langu na deni lake ni langu, Loti njoo kwangu uchukue ndama. Sasa nisikilizeni. Yule mtoto wa Naisiae nilimbeba mimi mikononi, miguu yake ilikuwa imenyooka. Alianza kupinda anatembea. Maneno yakasemwa juu ya mama yake kwenye kikao na akarudishwa kwao. Yule mtoto hakulogwa. Maji aliyokunywa ni haya anayoyasema Nuru. Wafungieni watoto hicho kitu. Na mtu wa damu yangu aende kwa kina Naisiae akaseme hivyo mbele ya watu, nikiwa bado nipo."

Eliya 18:37
Amemaliza. Ameniambia nisizime simu anataka kusikia mtakachojibu

Happy 18:59
Tumesikia Babu. Shikamoo

Mama Glory 19:02
Shikamoo Babu

Mama mdogo Ndeshi 20:15
Baba nimesikia. Naisiae alikuwa rafiki yangu. Nitaenda mimi

Mjomba Loti 20:40
Nimesikia baba. Ndama abaki

JUMAMOSI

Nuru 06:30
Shikamoo Babu, shikamooni wote. Babu asante. Mama mdogo nikipata ruhusa shuleni tunaenda wote kwa kina Naisiae, usiende peke yako. Kwa upande wa maji nimeongea na fundi wa chujio, anazo mbili tayari ila anataka nusu leo. Nyumba zilizotoa ni nne, bado hatujafika. Mjomba Loti nakuomba

Mjomba Loti 09:12
Nitatoa. Ila kile kisima cha chini mnakiachaje, ng'ombe wanakunywa pale na kina mama wa jirani wanachota

Nuru 09:15
Hilo sikulipangia mjomba. Chujio la ndoo halitoshi pale

Mjomba Loti 09:16
Ndo nauliza sasa. Nikikifunga watachota wapi

Godi 09:30
Hapo ndo tungemuuliza yule dokta, kitu kikubwa cha pamoja na majirani wachangie

Mama mdogo Ndeshi 09:33
Majirani wa juu wale hawachangii hata kuchimba kaburi

Nuru 09:36
Mama mdogo taratibu. Kwa sasa mjomba waambie tu kina mama wa jirani kuwa yapo hivi, wachote ya kufulia tu, ya mtoto watoe kwa Babu tukishafunga. Kufunga ni Jumamosi ijayo saa nne, Eliya upo?

Eliya 09:50
Jumamosi ijayo nina harusi, mimi ndo msimamizi

Nuru 09:51
Jumapili baada ya ibada

Mama Glory 09:55
Jumapili ni zamu ya jumuiya yetu usafi wa kanisa, sisi wote wa boma tuko pale mpaka jioni

Nuru 09:56
Jumatatu mimi nina vipindi. Nani mwingine anajua kufunga bomba?

Nuru 10:40
Jamani

Godi 11:22
Fundi mwenyewe hafungi?

Nuru 11:24
Anafunga kwa hela ya juu. Namuuliza kiasi gani narudi. Happy hebu weka hapa majina ya waliotoa mpaka sasa