Mifupa ya wawindaji wa kale: isagwe kwa ajili ya DNA au iachwe?

Mwenye mada, Mji wa Kale: Assalaam aleikum jamaa. Juzi barazani kahawa ilitupoea tukirudia ugomvi wa ule utafiti wa 2023, DNA ya watu 80 waliozikwa Mtwapa, Manda, Kilwa na kwengineko. Ulikuta nasaba ya Kiajemi, basi kila mtu amtafuta babu yake Mwajemi. Sawa. Mimi nauliza habari za waliotutangulia sote, wawindaji.

Pango la Panga ya Saidi, huko Kilifi, lina athari za binadamu za miaka 78,000. Mmoja wa waliopatikana humo aliishi kama miaka 400 tu iliyopita, na DNA yake ni ya nasaba ya wawindaji. Fikirini: Fort Jesus ishasimama, Wareno wamo ndani, na mwendo wa siku chache tu kutoka hapa yuko mtu wa ukoo ule wa kale kabisa.

Lakini kuipata DNA hiyo mfupa lazima utobolewe, na unga haurudi kuwa mfupa. Msimamo wangu: mfupa mwengine wa pwani usiguswe mpaka Waata, jamii ya wawindaji wa huku pwani, waulizwe. Mwasemaje?

Kisauni: Shekhe, waulizwe kama nani? Kama wajukuu? Hilo la ujukuu litajulikanaje bila kupima? Wataka mtu athibitishe nasaba ndipo umruhusu kupima nasaba.

Likoni: Mie naunga mkono kupima. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa watu sita wa kale, mmoja wa Mlambalasi karibu na Iringa, miaka kama 18,000. Shanga za maganda ya mayai ya mbuni zilikuwa zishatuonyesha kwamba watu wa zamani walibadilishana vitu masafa marefu. Ila shanga haikwambii nani alimuoa nani. DNA ilisema: nasaba tatu zilichanganyika, ya Afrika mashariki, ya kusini na ya misitu ya kati, kisha baadaye watu wakawa wanaoana na wa karibu. Hayo hata uchimbe miaka mia kwa sururu na brashi huyapati.

Mtwapa: Na yule mtoto wa Panga ya Saidi? Wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, kaburi la miaka 78,000. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa, mabega yamefungwa kitu mfano wa sanda, kichwa juu ya mto uliooza zamani. Haya yote yalisomwa kwenye udongo na namna mifupa ilivyokaa, na meno ndiyo yaliyosema ni binadamu kama sisi. Ndiyo nikiisoma nilikumbuka kumzika mwanangu, basi.

Ila bonge la udongo lenye mifupa yake lilipakwa plasta, likenda Nairobi, kisha Burgos, Uhispania. Kilichochimbwa Kilifi chasomewa Burgos! Na joto letu huila DNA. Hutobolewa ule mfupa mgumu wa ndani ya sikio kwa kuwa ndio huihifadhi vizuri, na bado mara nyingi hawapati kitu. Umeshaharibu, na jibu huna.

Mwenye mada: Kisauni umenibana, nakubali. Basi tusiwaulize kama warithi, tuwaulize kama majirani wa pango. Na wale wanaoingia humo hadi leo kuomba, nao pia. Sheria ya 2006 ya makumbusho na turathi yataka kibali kabla ya kuvitoa vitu vya kale nchini, lakini kibali hutiwa saini ofisini, si kijijini. Mfupa upigwe picha za skani kwanza, sehemu ibakizwe, ndipo itobolewe.

Likoni: Haya. Ila maabara ya hapa isiwe sharti, tutangoja mpaka lini?

Mtwapa: Tutangoja. Hao wamengoja miaka 78,000.

Mgeni, kutoka Galana: Mama yangu ni Mwaata. Mumetutaja juu chini na hakuna aliyeuliza kama yuko mmoja wetu humu. Mimi mfupa nautaka utobolewe. Tumeitwa Waliangulu, tukaitwa Wasanye, majina ya kupewa na watu. Sasa nataka kusikia mfupa wenyewe unasemaje. Ila jibu lije kwa Kiswahili, lisomwe chini ya mti, wazee wapate kuuliza. Mjomba wangu yeye hataki mfupa uguswe kabisa. Kuzungumza naye ni kumfuata, simu hana.