Hisa za Amazon hazitoi gawio, nitajuaje nimepata asilimia ngapi kwa mwaka?

Kibubu_Houston:
Habari za muda huu wakuu. Nipo Houston, napiga shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee, kila kinachobaki naweka kwenye hisa. Januari 2020 nilinunua hisa 1 ya Amazon kwa dola 1,900, Juni 2022 wakaigawanya hisa moja ikawa 20, halafu mwisho wa Desemba 2022 bei ilipolala kwenye 84 nikaongeza 10, kwaiyo ninazo 30. Mwanzoni mwa Januari 2025 bei ilikuwa 220, naomba tutumie hiyo. Sasa shemeji yangu ana Coca-Cola, kila miezi mitatu anaingiziwa gawio lake, yaani mgao wa faida ya kampuni, anasema hisa isiyotoa gawio haina faida, ni namba tu za kwenye simu. Nataka hesabu ya kueleweka maana apu inanipa asilimia moja kubwa haisemi hata ni ya muda gani. Hela yenyewe ni ya ada za wadogo zangu, naombeni msaada.

Mhasibu_Ilala:
Mkuu, faida ya jumla ni bei ilivyopanda ukajumlisha na gawio ulilopokea, basi. Kwako gawio ni sifuri, inabaki bei. Ulitoa 1,900 na 840, jumla 2,740. Una hisa 30 mara 220 ni 6,600. Faida 3,860, hiyo ni kama asilimia 141 ya mtaji.

Cha kuangalia sana ni ule mgawanyo, mtu akiona 1,900 halafu 220 anadhani ameliwa, kumbe kila hisa yako ya zamani gharama yake sasa ni dola 95.

Kwa mwaka ndo watu wengi wanapotea. Chukua ile ya kwanza peke yake, 1,900 imekuwa 4,400 ndani ya miaka 5, ni asilimia 132, ukigawa kwa 5 unapata 26 na sio kweli, kwasababu faida ya mwaka wa kwanza nayo inazaa. Gawa 4,400 kwa 1,900, tafuta kipeuo cha tano cha jibu (namba ambayo ukiizidisha yenyewe mara tano unalipata hilo jibu), toa 1. Ni asilimia 18 na kidogo. Na kwakuwa umeweka hela mara mbili tarehe tofauti, fungua Excel, andika tarehe na kiasi, ulichotoa weka alama ya kutoa, thamani ya mwisho ya Januari 2025 iwe chanya, kisha tumia XIRR, fomula ya Excel inayopiga asilimia ya mwaka kwa kufuata tarehe za kila hela. Itakuletea kama 23 kwa mwaka.

Dada_Mwanza:
Mwambie shemeji afanye hesabu ileile kwa Coca-Cola asiangalie gawio tu. Januari 2020 ilikuwa kama 55, Januari 2025 kama 62, na gawio la miaka hiyo mitano ni dola 8.86 kwa hisa. Jumlisha 7 na 8.86, gawa kwa 55, ni kama asilimia 29 kwa miaka yote mitano. Ila usimcheke, Amazon 2022 peke yake ilipoteza karibu nusu ya bei, ungekuwa unahitaji ada mwaka huo ungemuelewa.

Kibubu_Houston:
Shukrani sana wakuu. Lakini hapo kwenye kutouza, kweli naweza kuiita faida?

Mzee_wa_Kibaha:
Kijana, mwenye kiwanja Kibaha asiyekipangisha, bei ikipanda mara mbili utamwambia hajatajirika? Ni faida ila hujaichukua, na inaweza kurudi chini. Ukihitaji ada uza hisa moja au mbili, hilo ndo gawio lako. Na kwa nyie mnaolipa kodi Marekani kuna nafuu, gawio linatozwa kila mwaka upende usipende, faida ya bei mpaka uuze, na hisa ikizidi mwaka mmoja mkononi kiwango huwa cha chini.

Mhasibu_Ilala:
Nakazia hapo kwa mzee. Na Kibubu, ukitaka kujua kama umefanya vizuri linganisha na S&P 500, kipimo cha hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani, ile yenye gawio ndani yake, sio ile ya bei tupu inayotangazwa kwenye habari, utakuwa unajipendelea. Tarehe zitoe kwenye statimenti, usikadirie, na makato ya broka yaingize kwenye gharama.

Kibubu_Houston:
Nimepata 22.9 mkuu. Namtumia shemeji faili lenyewe aweke na za kwake.