Chumba cha Migingo

Kikundi: Watoto wa Nyanya Sabina
Jumanne

Shangazi Rose, 06:12
Habari za asubuhi familia. Yule mnunuzi wa chumba chetu kisiwani Migingo, Ziwa Victoria, amepiga tena, anataka jibu kabla ya Jumamosi. Nani anakuja Sori tuvuke pamoja? Jiandikisheni.
1. Rose
2.

Shangazi Rose, 07:55
Naona mmesoma watu kumi na mmoja. Mdomo mmebandikwa gundi?

Vin, 08:03
Habari shangazi. Mimi nipo. Lakini huyo mtu anataka karatasi.

Shangazi Rose, 08:04
Karatasi gani? Ni mabati, mbao na kufuli.

Vin, 08:06
Anauliza akinunua, amenunua Kenya au Uganda.

Brayo, 08:07
Mwambie anunue mabati kwanza, nchi tutamtafutia 😂

Achieng, 08:15
Migingo ni Kenya. Mwalimu alituchorea ubaoni. Mpaka wa Waingereza wa 1926 unapita magharibi ya kisiwa, kama nusu kilomita hivi. Hata Museveni 2009 alisema jiwe ni la Kenya, ila maji ndiyo ya Uganda.

Brayo, 08:16
Basi chumba cha Shangazi, hewa ya ndani ya Vin

Mama Lavender, 08:17
Ujumbe huu umefutwa

Brayo, 08:17
na kodi je, ya nchi gani? 😂😂

Shangazi Rose, 08:19
Afadhali umeuliza. Vin, kodi ya huko tangu Desemba iko wapi?

Vin, 08:31
Shangazi hii si tuliongea kando. Upepo ulibeba mabati mawili, nikalipia mimi.

Shangazi Rose, 08:32
Mabati mawili, kodi ya miezi minane?

Shemeji Wafula, 09:02
Wakwe zangu, mkumbuke humu ndani kuna mtu wa Uganda. Polisi wetu walipiga hema pale 2004. Wenu walikuwa wapi? Na mbuta mnamvua wapi, si kwenye maji yetu? Jiwe halitagi samaki.

Brayo, 09:03
Shemeji ametoa bendera 🇺🇬

Vin, 09:10
Shemeji umesema kweli kuhusu mbuta, ndiyo maana watu wamejazana. Hilo jiwe halifiki nusu eka, mabati kwa mabati hadi majini. Ukikohoa usiku, jirani anakuambia pole. Na Ugingo iko hapo kando, kubwa mara nyingi, karibu tupu! Lakini boti za samaki zinashuka Migingo, wanunuzi wako Migingo, utaenda Ugingo kuuzia nani?

Shangazi Rose, 09:12
Jiografia nimeshiba. Majina!
1. Rose
2. Vin (aje na hesabu)
3.

Shangazi Rose, 12:47
3. ???

Achieng, 13:20
Niko kwa Babu. Nimemsomea yote tangu asubuhi. Amesema niandike vile anavyosema, nisipunguze.

Shangazi Rose, 13:20
Mbona umemsomea yote jamani

Achieng, 13:34
Babu anasema: Mimi nikiwa kijana jiwe hilo lilikuwa la ndege na nyoka. Hakuna serikali iliyolitaka. Na huyo Wafula msimcheke. Reli ilipofika Kisumu 1901 ilikuwa imefika Uganda. Mwaka uliofuata Waingereza wakahamisha mstari, tukaamka tuko upande huu. Hatukuulizwa.

Achieng, 13:41
Anaendelea: Ochieng' aliinunua injini ile ya boti kwa pesa ya mabondo, vile vifuko vya hewa vya mbuta, ya misimu miwili. Ilipochukuliwa aliwaomba nyote mchange aikomboe. Mlimwambia mtaona. Amekufa mkiwa bado mnaona. Leo mnagawana chumba chake, na mwenye chumba yuko humu ndani, hakuna aliyemwuliza. Mama Lavender ndiye wa kusema kinauzwa au hakiuzwi.

Achieng, 13:42
Ameenda kulala.

Brayo, 17:05
🙏

Shangazi Rose, 19:48
Tumesikia Babu. Mama Lavender, nisamehe mwanangu, nilikimbilia mnunuzi. Lakini Jumamosi ndiyo hiyo inakuja, na mtu anangoja. Utavuka na sisi?

Mama Lavender, 20:26
Nitaona.

Shangazi Rose, 20:27
Sawa.
1. Rose
2. Vin (hesabu!)
3. Mama Lavender (ataona)

Vin, 20:40
Hesabu nitaleta. Mafuta ya boti nani anatoa?

Brayo, 20:41
4. Brayo, kama hilo swali haliniangalii mimi

Shemeji Wafula, 20:50
Mafuta nusu nitatoa. Ochieng' alinivusha bure mara nyingi.

Anko Jared, 23:31
Familia nimeshinda kazini, ndiyo naona sasa. Habari za asubuhi pia, na asante kwa yote. Boti inatoka saa ngapi? Na ufunguo wa kufuli anao nani?